Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchagua samaki wanaoelewana katika tangi la kioo lenye mimea, kwa tunaoishi Mwanza

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote, kutoka Igoma, Nyegezi hadi ng'ambo ya Kamanga, ni hili: "Tangi langu lilipendeza wiki mbili tu. Kisha mimea ikang'olewa, samaki wakaanza kufa mmoja mmoja. Nimekosea wapi?"

Nikiomba orodha ya samaki, jibu huwa limo humo humo. Samaki wa dhahabu wawili, oska mmoja, moli wanne, na vifaranga vitatu vya sato waliotoka kwenye bwawa la shemeji. Hao wote ni samaki wazuri, ila hawawezi kukaa nyumba moja, na aina tatu kati ya hizo nne haziwezi kukaa na mimea kabisa.

Kosa halikufanyika nyumbani. Lilifanyika dukani, siku ile ya kunyoosha kidole na kusema "nipe huyo, na huyo, na yule mwekundu". Mwongozo huu unageuza mpangilio: kwanza tangi, kisha maji, kisha mimea, kisha orodha ya samaki kwenye karatasi. Pesa inatoka mwisho.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya samaki wa kwanza

Tangi la kioo. Mfano nitakaoutumia ni wa urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Fundi wa vioo na aluminiamu anaweza kukutengenezea. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni nyingi zina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Meza imara. Tangi hilo likijaa, maji na mchanga pamoja ni zaidi ya kilo 100. Kabati la televisheni la mbao laminishwa litapinda.

Filta yenye sponji na pampu ya hewa. Kama umeme unakatika mtaani kwenu, tafuta pampu ya hewa inayotumia betri uiweke akiba.

Taa ya LED, mchanga wa mto wa chembe ndogo zisizo na ncha kali, kipimajoto, na vipimo vya maji vya amonia, naitriti, naitreti na pH (kipimo cha asidi ya maji). Vipimo vya matone vinaaminika zaidi kuliko vya karatasi.

Ndoo mbili za lita 20 ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Ziandike kwa rangi ya kucha au wino usiofutika ili mtu asizichukue kufulia.

Beseni kubwa au boksi la plastiki la lita 30 hadi 40 lenye mfuniko, la kuwatenga samaki wapya.

Daftari na rula. Rula hiyo usiiache, utaihitaji kwenye Hatua ya 4.

Hatua ya 1. Piga hesabu ya maji uliyo nayo kweli

Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi letu la mfano linatoa lita 112. Sasa toa mchanga wa kina cha sentimita 5, ambao ni lita 14, na nafasi ya sentimita 3 unayoiacha juu, ambayo ni lita 8 na kitu. Unabaki na lita 90. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari.

Andika pia urefu. Samaki huogelea kwenda mbele, kwa hiyo tangi refu lenye kimo kidogo linafaa zaidi kuliko lile jembamba lililosimama kama mnara, hata kama lita ni zile zile. Tangi refu pia lina uso mpana wa maji, na hewa ya oksijeni huingilia hapo.

Hatua ya 2. Yajue maji yako kabla ya kumjua samaki

Hapa wengi hupita haraka, nami nakusihi utulie. Sisi wa Mwanza tuna bahati ambayo mfugaji wa mji wenye maji ya chumvi angeilipia. Maji ya bomba yanatoka Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hili ni laini, yana madini machache. Maji laini ndiyo wanayoyapenda neoni, kadinali, rasbora, koridora na gurami, na mimea mingi ya matangini hustawi humo.

Upande wa pili wa bahati hiyo ni kwamba samaki wa maji magumu hapa hupata shida. Moli ndiye mfano mkubwa. Umemnunua akiwa mweusi anayeng'aa, baada ya wiki tatu unamkuta amesimama mahali pamoja akiyumbayumba kushoto na kulia, mapezi ameyabana, haendi mbele wala nyuma. Watu humwekea dawa za minyoo na za ukungu. Mara nyingi anachokosa ni madini tu. Wanaotumia kisima au maji ya mlimani wapime wenyewe, kwa sababu maji ya kisima yanaweza kuwa tofauti kabisa na ya bomba la jirani.

Maji laini yana tabia moja zaidi: pH yake hushuka kwa urahisi. Bakteria wa filta wanapofanya kazi hutengeneza asidi kidogo kidogo, na maji yenye madini machache hayana cha kuizuia. Ndiyo maana tangi lisilobadilishwa maji miezi miwili huua samaki wapya huku wale wa zamani wakionekana wazima. Wazee wamezoea polepole, mgeni ameangushwa humo ghafla. Badilisha robo ya maji kila wiki na tatizo hili hutaliona.

Klorini ya bomba huua samaki na bakteria wazuri. Maji yakilala kwenye ndoo iliyo wazi saa 24, yakikorogwa na jiwe la hewa, klorini ya kawaida huondoka. Dawa ya kuondoa klorini ni ya haraka na ya uhakika zaidi, hasa kama hujui wametia nini. Maji ya simtanki yaliyokaa siku kadhaa mara nyingi hayana klorini tena, lakini angalia joto: simtanki jeusi lililoshinda juani linatoa maji ya moto saa nane mchana. Chota asubuhi.

Onyo. Usichote maji ya ziwa moja kwa moja, wala usiende kung'oa mimea Kirumba au Luchelele ukiwa pekupeku. Ufukwe wetu una konokono wanaobeba kichocho, na konokono mmoja aliyeambukizwa huendelea kutoa vimelea kwa wiki nyingi. Ukimleta ndani ya tangi, kila unapozamisha mkono kupanga mimea unajiweka hatarini, na watoto pia. Maji ya ukingoni wakati mwingine hufunikwa na mwani wa kijani-buluu ambao nao una aina zenye sumu.

Mwisho wa hatua hii pima joto asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu. Kama ndani ya nyumba yako maji hukaa kati ya nyuzi 23 na 27, huhitaji hita kwa samaki nitakaowataja. Rudia kupima mwezi wa sita na wa saba, usiku unapokuwa na baridi.

Umefaulu ikiwa daftari lina mistari mitatu: pH, kiwango cha joto cha chini na cha juu, na asili ya maji yako.

Hatua ya 3. Panda mimea, kisha ngoja

Osha mchanga hadi maji yatoke meupe. Chukua punje chache udondoshee siki. Ukiona povu, kuna makombe au chokaa ndani yake na utaongeza ugumu wa maji. Kwa orodha yetu ya samaki, tafuta mchanga mwingine.

Anza na mimea migumu: anubiasi, fani ya Java, valisneria, kriptokorine. Anubiasi na fani ya Java usizifukie shina, litaoza. Zifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, si zaidi, la sivyo mwani utatawala.

Sasa tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku, ingawa hakuna samaki. Chakula kinaoza, kinatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza naitriti, wa pili wanaigeuza naitreti ambayo mimea huila. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Amonia na naitriti ndizo zinazoua samaki "bila sababu" katika wiki ya pili ya matangi mengi.

Usiharakishe kwa kuweka samaki "wa kujaribia". Amonia inamuunguza matamvua, na hata akipona hubaki dhaifu.

Umefaulu ikiwa amonia na naitriti zinasoma 0 siku mbili mfululizo huku naitreti ikionekana, na mimea imetoa angalau jani jipya moja moja. Anubiasi ni mvivu. Jani moja kwa mwezi linatosha kukuonyesha yuko hai.

Hatua ya 4. Mhoji kila samaki maswali manne

Chukua rula. Kwa kila samaki unayemtamani, chora mstari wa urefu atakaoufikia akikomaa. Usichore urefu aliouonyesha dukani, kwa sababu karibu kila samaki wa dukani ni mtoto.

Swali la kwanza: akikua atakuwa na ukubwa gani?

Chora neoni: sentimita 4. Chora rasbora: 5. Koridora: 5 hadi 7 kutegemea aina. Gurami wa lulu: 12. Sasa chora oska: zaidi ya 30. Rula imeisha. Chora pleko wa kawaida, yule anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa ahadi kwamba "atasafisha kioo": anaweza kupita 40, nusu ya urefu wa tangi letu zima. Samaki wa dhahabu wa kawaida hupita 20.

Msiamini maneno kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Anayedumaa anadumaa kwa sababu anaishi katika uchafu wake mwenyewe, na hufa mapema.

Swali la pili: mdomo wake unameza nini?

Samaki hana urafiki na kinachoenea mdomoni mwake. Hili nililisoma kwa kupoteza. Niliwahi kununua anjeli wanne wadogo, kila mmoja mwili wake kama sarafu ya shilingi mia, nikawaweka na neoni kumi na wawili. Muuzaji alinihakikishia: "Kaka, hawa wanaishi wote, wala usiwe na wasiwasi." Miezi mitano walikaa kwa amani. Kisha asubuhi moja nikahesabu neoni tisa. Nikadhani wamejificha kwenye valisneria. Siku ya tatu nikawasha taa ya chumba alfajiri na kumkuta anjeli mkubwa ametulia kwenye kona, mdomo haujafunga vizuri, kipande cha mkia mwekundu kinachungulia. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Huko Amazoni anakotoka, samaki wadogo ni chakula chake, na mimi ndiye niliyemwandalia meza.

Kwa hiyo weka rula mbele ya kioo. Mdomo ukifunguka ni upana gani? Mwili wa jirani mdogo ni mnene kiasi gani? Kumbuka kujiuliza hivyo kwa ukubwa wa watu wazima.

Swali la tatu: anaifanyia nini mimea?

Hapa ndipo sato anaanguka. Vifaranga vya sato vinapatikana kirahisi kwetu, kwa wenye mabwawa na vizimba, navyo huonekana vitulivu kwenye ndoo. Lakini sato hula mwani na majani laini, dume akikomaa huchimba shimo la mviringo mchangani kwa ajili ya mazalio, na mimea yako yote hukutwa ikielea juu. Atapita sentimita 30. Sato abaki bwawani na kwenye sahani.

Samaki wa dhahabu hutafuna majani na kufukua. Mbuna wa Ziwa Nyasa huchimba pia, na zaidi ya hapo wanataka maji magumu yenye pH ya juu, kinyume cha maji yetu laini. Kama unawapenda mbuna, wajengee tangi lao la mawe matupu.

Kambale na kamongo sitawaeleza sana. Mmoja aliwahi kuniuliza kama kamongo mdogo anaweza kukaa na gupi. Anaweza, kwa muda wa chakula kimoja.

Na furu je? Hawa ni wa kwetu, na nawapenda kuliko samaki wote wa ziwa. Furu wengi walipotea miaka ya 1980 sangara alipozidi, na waliobaki kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza ni urithi. Mmoja wao, mwenye mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni, wanasayansi walimpa jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei. Lakini dume la furu hushika eneo lake na kulilinda kwa kipigo, na jike hubeba mayai mdomoni kwa majuma. Hao ni wa tangi lao peke yao, la mawe na mapango, dume mmoja kwa majike kadhaa. Usiwavue kienyeji, uliza kwanza ofisi ya uvuvi. Na usiwachanganye na neoni.

Swali la nne: anaishi peke yake, wawili wawili, au kundi?

Neoni, rasbora na koridora ni watu wa kundi. Neoni watatu si kundi. Wataogopa, rangi itafifia, watajibana nyuma ya filta. Anza na 8. Koridora wasipungue 6, na wawe wa aina moja, maana aina tofauti hazishikamani vizuri.

Taiga, yule wa mistari minne myeusi, akiwa mchache anageuza usumbufu wake kwa majirani. Huuma mapezi marefu. Ukimweka na beta au gurami, mapezi yataanza kuonekana kama kanga iliyonaswa kwenye msumari.

Beta dume awe mmoja tu. Wawili watauana. Mara nyingi huwashambulia pia gupi madume wenye mikia mipana, kwa sababu anawaona kama madume wenzake.

Umefaulu ikiwa kila jina kwenye daftari lina majibu manne mbele yake. Jina lenye jibu lisilojulikana likate kwa sasa.

Hatua ya 5. Chagua kiongozi mmoja, wengine wamfuate

Usianze na orodha ya samaki saba unaowapenda. Chagua aina moja ambayo ndiyo sababu ya wewe kuwa na tangi. Hiyo ndiyo nguzo. Wengine wote lazima wakubaliane nayo kwa joto, kwa maji, kwa ukubwa na kwa upole. Njia hii inaondoa mabishano mengi ya nafsi.

Kisha jaza ngazi tatu za tangi. Gurami hukaa juu, kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje na hupanda mara kwa mara kuivuta. Neoni na rasbora hushika katikati. Koridora hushika chini. Samaki wa ngazi tofauti hawagombanii nafasi, na macho yako hayaoni tangi lililojazana upande mmoja.

Kwa koridora naomba ujali mchanga. Mkaribie siku moja akiwa anakula, ulete jicho hadi kwenye kioo. Utaona masharubu yake yakipapasa kila punje, anazamisha pua hadi machoni, kisha mchanga unatoka kwa matamvua kama unga unaochekechwa. Mchanga wenye ncha kali unayakata masharubu hayo, vidonda huingia bakteria, na samaki huacha kula. Changarawe za rangi za dukani simshauri mtu mwenye koridora.

Hatua ya 6. Michanganyiko ninayoiamini kwa maji ya bomba ya Mwanza

Kwa tangi letu la lita 112: kadinali au neoni 10, koridora wa shaba 6, na gurami wa lulu wawili, dume na jike. Baada ya miezi mitatu, tangi likishakomaa na mwani mwembamba umeshika kwenye majani, unaweza kuongeza otosinklasi 4. Usiwaweke mapema. Wanaishi kwa kukwangua utando wa majani na mawe, na kwenye tangi jipya hufa njaa huku wengine wakishiba.

Kama unapenda samaki mchangamfu, weka danio badala ya neoni. Wanavumilia usiku wa baridi vizuri. Ila wana kasi, hivyo gurami mwoga atanyang'anywa chakula. Mpe upande mmoja wa tangi wakati danio wanakula upande mwingine.

Kwa tangi dogo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo ni lita 54: rasbora 8 na gurami mmoja mdogo wa aina ya kibeti, basi. Au beta dume mmoja na koridora wadogo kabisa 6. Usiunganishe michanganyiko hii miwili.

Kwa anayetumia kisima chenye maji magumu: plati na gupi ndio wako. Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo jike hafukuzwi tu, huchoka hadi kufa. Kumbuka gupi huzaa kila mwezi takriban. Kabla ya kununua jike, jua watoto wataenda wapi. Ankistrusi mmoja anafaa hapo kwa mwani. Hukomea sentimita 12 hadi 15, tofauti na ndugu yake pleko. Mpe kipande cha tango au boga usiku, na gogo la kuparuza.

Usijaze tangi hadi ukomo. Umeme ukikatika usiku filta inasimama, mimea gizani nayo inatumia oksijeni, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Tangi lenye samaki wachache hupita saa nyingi za giza salama. Lililosheheni utaliamkia na samaki wote wakiwa juu wanatweta. Wakati wa giza usilishe, na washa ile pampu ya betri.

Hatua ya 7. Siku ya kwenda dukani

Nenda na daftari. Simama mbele ya tangi la duka dakika kumi bila kuuliza bei. Angalia samaki wote wa tangi hilo, si yule unayemtaka peke yake, kwa sababu maji yao ni yale yale. Ukiona maiti hata mmoja, madoa meupe kama chumvi, mapezi yaliyobanwa, au tumbo lililozama ndani, ondoka hata kama umetoka Kisesa.

Mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Samaki mzima anakimbilia chakula. Uliza wamefika lini. Samaki aliyesafirishwa usiku kucha ndani ya mfuko asubiriwe wiki nzima dukani kabla hujamchukua. Wengi hufa siku za mwanzo baada ya safari, na bora vifo hivyo usiviletee nyumbani.

Uliza jina kamili la samaki. Ukijibiwa "huyu ni wa chini" au "huyu ni msafishaji", jibu hilo halitoshi. Rudi baada ya kuuliza kwingine.

Hatua ya 8. Kumtenga na kumzoesha

Boksi la karantini lenye sponji iliyokaa ndani ya filta kuu kwa wiki kadhaa lina bakteria tayari. Waweke wageni humo wiki 2 hadi 4. Madoa meupe na ukungu hujionyesha ndani ya muda huo, na utamtibu mgonjwa bila kuitia dawa mimea yako.

Siku ya kuwafikisha, zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Fungua, ongeza kikombe kidogo cha maji yako kila dakika tano, kwa nusu saa. Kisha wachote kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Kama safari ilikuwa ndefu, usivute zoezi hili masaa mawili kama wengine wanavyofundisha. Mfuko uliofungwa una hewa ya ukaa nyingi inayoshusha pH, na pH ikiwa chini amonia iliyokusanyika haina makali sana. Ukifungua, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inakuwa sumu kali. Nusu saa inatosha.

Tangi kuu lijazwe kwa zamu. Kundi la katikati kwanza, wiki mbili baadaye koridora, mwishoni gurami. Anayeshika eneo aingie mwisho, akute wengine wamekwisha kujua njia zao. Pima amonia na naitriti siku ya pili, ya nne na ya saba baada ya kila kundi. Ikisoma chochote juu ya 0, badilisha robo ya maji na punguza chakula.

Hatua ya 9. Wiki sita za kutazama

Lisha kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kisha vuta kiti, hesabu. Hesabu kweli, kila siku, na uandike.

Tangi lililoelewana unalitambua hivi: neoni wanazunguka kati ya mimea bila kukimbia kivuli chako, koridora wanatafuta chakula mchana wazi, gurami wanagusana kwa nyuzi zao ndefu za tumboni, na mapezi ya kila mmoja ni mazima hadi ncha. Rangi zinakolea baada ya wiki ya pili. Mimea inatoa machipukizi mahali ulipoyapanda.

Tangi lisiloelewana hutoa dalili mapema kuliko kifo. Samaki mmoja anakula mwisho kila siku. Mmoja amejibana nyuma ya filta. Mapezi yana mikato midogo. Koridora anapanda juu kuvuta hewa mara moja moja, hiyo ni kawaida yake. Akipanda kila dakika, kagua maji.

Ukiona ugomvi, usinunue samaki mwingine wa "kusawazisha". Panga upya mawe na mimea ili mipaka ya mkorofi ifutike, ongeza mimea mirefu inayokata njia ya macho kati ya samaki na samaki. Mpe siku nne. Asipobadilika, mtoe mkorofi, si aliyepigwa.

Na huyo uliyemtoa, pamoja na watoto wa gupi waliozidi, pleko aliyekushinda na mimea uliyopogoa, hakuna hata kimoja kiende ziwani, mtoni Mirongo, wala kwenye mtaro. Mrudishe dukani, mpe mwenzako mwenye tangi linalomfaa, au mtenge kwenye beseni lako lenye sponji hadi apatikane wa kumchukua. Mimea ikaushe juani hadi ivunjike mikononi ndipo uitupe kwenye taka.